Nilifundisha fizikia miaka 34, sasa nimestaafu na moyo unadai kitu kingine

SWALI: Nilistaafu miezi minane iliyopita baada ya kufundisha fizikia kwa miaka 34. Wiki za mwanzo nilifurahi kweli, kisha siku zikaanza kufanana, nikawa naamka alfajiri sina pa kwenda. Linalonitatiza zaidi ni hili: nimeanza kutaka kukaa kimya, kuomba, kutazama nyota usiku kwa muda mrefu, na nikitazama hivyo machozi hunilengalenga. Nililelewa katika dini lakini niliiweka kando nikiwa chuoni. Je, huu ni uzee na woga wa kifo tu? Sayansi niliyoifundisha inapingana na hiki ninachokitafuta? Na hiyo furaha ya kustaafu inapatikana wapi? Binti yangu ni mtafiti, aliipenda sayansi kwa sababu yangu, na naona haya kumwambia.

JIBU:

Shikamoo Mwalimu.

Katika maswali yako yote, nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza kabisa, ulilitaja tu ukapita: siku zilizoanza kufanana. Ulilisema kana kwamba ni dogo linalotangulia kubwa. Mimi naona mengine mengi yamechipukia hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la karibu kila familia kilikuwa kimefungwa. Mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuwachunguza watu waliobaki bila kazi. Mtu angetarajia kwamba wenye muda tele wangesoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume, ambao hawakuwa na pa kuwahi, walitembea polepole na kusimamasimama njiani, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaishia, walikwenda haraka zaidi. Katika maandishi yake ya baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mengi yasiyoandikwa kwenye hati ya mshahara: huigawa siku yake, humkutanisha na watu wa nje ya familia, humpa nafasi mbele ya wenzake, humuingiza katika lengo lililo kubwa kuliko yeye, na humlazimisha kutenda hata asipojisikia.

Wewe hukuachishwa kazi, umestaafu kwa heshima. Hata hivyo kengele ya shule imenyamaza kwako kama king'ora cha kiwanda kile kilivyowanyamazia wao, na vitu vyote hivyo vitano vimeondoka siku moja. Mwanasosholojia Robert Atchley, aliyeandika kuhusu wastaafu wa Marekani katika miaka ya 1970, aliziita siku za mwanzo za kustaafu fungate. Alieleza kwamba kwa wengi fungate hiyo hufuatwa na kipindi cha kuvunjika moyo, kisha kipindi cha kujipanga upya. Si wote wanaopita njia hiyo, ila wewe inaelekea uko katikati yake. Nasema hivi ili usijione una kasoro.

Kustaafu kama tunavyokujua leo ni jambo changa sana. Sheria ya pensheni ya uzeeni ya Ujerumani, iliyopitishwa mwaka 1889 wakati wa Kansela Otto von Bismarck, iliweka umri wa miaka 70, umri ambao wengi wa zama zile hawakuufikia. Pensheni ililengwa kumsitiri mtu aliyekwisha nguvu. Leo mtu anaweza kufunga mlango wa kazi akiwa bado na miaka 20 yenye afya mbele yake, na hakuna mwajiri anayemfundisha namna ya kuiishi. Humpa kiinua mgongo, cheti na hotuba.

Neno lenyewe lina siri ninayoipenda. Kustaafu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa jukumu, kuomba udhuru. Mzizi wake ndio uleule uliotupa neno afya. Wewe umekwisha kuachiliwa, na moyo wako sasa unaulizia hiyo afya.

Je, ni uzee na woga wa kifo? Kwa sehemu, ndiyo, na sioni ubaya wowote. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwa tafiti za miaka mingi kwamba mtu anapohisi muda uliobaki si mrefu, hupunguza kukusanya na huanza kuchagua. Hapendi tena kujuana na kila mtu wala kushinda kila mabishano; anataka yale yenye maana kwake. Hali hiyo huonekana hata kwa vijana wanaojua kwamba kipindi fulani cha maisha yao kinakaribia mwisho. Naye Lars Tornstam wa Uppsala, Sweden, baada ya kuwasikiliza wazee wengi, alifikia kusema kwamba kuzeeka kuna ukuaji wake: mtu hujishughulisha kidogo na nafsi yake na mali, hupenda upweke wa kutafakari, na huhisi kuwa sehemu ya kitu kipana, vizazi vilivyopita, vijavyo, na ulimwengu wenyewe. Karne nyingi kabla ya Tornstam, mafundisho ya kale ya Wahindu yaliigawa safari ya maisha katika hatua nne, na ya tatu ilikuwa ya mtu ambaye nywele zimeingia mvi na wajukuu wamezaliwa: akabidhi shughuli za nyumba, ajitenge na kuelekea mambo ya roho. Kwa hiyo kilichokupata usiku chini ya nyota kimewapata wengi kabla yako, nao walikipa majina na nafasi katika maisha.

Woga wa kifo nao usiufanye hukumu. Wewe umewahi kuwa na mwanafunzi aliyejifunza kanuni ya Ohm kwa kuogopa mtihani, bila shaka. Kanuni haikuwa ya uongo kwa sababu hiyo. William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia, katika mihadhara yake ya Edinburgh ya miaka 1901 na 1902, alisisitiza kwamba hali za kiroho zipimwe kwa matunda yake na si kwa mizizi yake. Ukitaka kujua thamani ya hayo machozi, usihangaike sana kutafuta yametokea wapi. Angalia yanakufanya uwe mtu wa namna gani kesho yake asubuhi: mpole zaidi au mwenye kinyongo, mwenye kutoka nje au mwenye kujifungia.

Sasa niingie kwenye swali lako zito, la sayansi. Simwamini anayesema kwamba sayansi na mambo ya kiroho hayagongani kamwe. Hugongana, na mahali pa kugongana panajulikana: pale imani inapodai jambo linalopimika. Mtu akikuambia uache dawa za shinikizo la damu kwa kuwa umeombewa, hapo sayansi ina haki ya kusimama na kusema hapana, na mimi nitasimama nayo. Mtu akikuuzia uponyaji kwa jina la fizikia ya kwanta, wewe ndiye wa kwanza kujua kwamba ameazima heshima ya somo lako bila kulielewa.

Hata maombi yenyewe yamewahi kupimwa. Mwaka 2006 Herbert Benson, daktari wa moyo aliyekuwa na heshima kubwa kwa maisha ya kiroho, alichapisha na wenzake utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita za Marekani. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliombewa na jingine halikuombewa, na wote hawakujua wako upande gani. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na asilimia 51 kwa wasioombewa, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Kundi la tatu liliambiwa wazi kwamba linaombewa, na humo waliopata matatizo walifika asilimia 59. Nakupa takwimu hizi bila kuzilainisha kwa sababu nakuheshimu. Kama unaomba ili kuusukuma ulimwengu ufanye utakavyo, vipimo havikuungi mkono.

Lakini barua yako haikusema unaomba ili upate kitu. Ulisema unataka kukaa kimya. Hapo sayansi haina la kukanusha, maana hakuna dai lililotolewa. Kuna mtu aliyekaa, anayetazama, na ambaye moyo wake umejaa.

Ninapofika hapa humkumbuka Georges Lemaître, na nitakaa naye kidogo kwa sababu alikuwa wa kabila lako la wanafizikia. Alikuwa padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi ila fizikia yake inachukiza. Mwaka 1931 akapiga hatua nyingine, akapendekeza kwamba ulimwengu wote ulianza kama kitu kimoja kidogo sana, alichokiita atomu ya kwanza. Wengi walimshuku kwamba ni padri anayejaribu kuupitisha uumbaji kwa mlango wa nyuma.

Ndipo mwaka 1951 Papa Pius XII, akizungumza na Chuo cha Sayansi cha Vatikani, alipotumia ugunduzi wa namna hiyo kama ushuhuda wa sayansi juu ya uumbaji. Ungedhani Lemaître angeshangilia. Hakufurahi hata kidogo. Pamoja na mwanaastronomia wa Vatikani alifanya juhudi kumshawishi Papa asirudie jambo hilo, na Papa alipowahutubia wanaastronomia waliokutana Roma mwaka uliofuata hakulirudia. Lemaître aliona kwamba nadharia yake ni ya fizikia, isimame au ianguke kwa ushahidi wa fizikia, na kwamba imani yake haikuhitaji kuegemea mlinganyo ambao kesho ungeweza kusahihishwa. Aliamka, akaadhimisha misa, akaenda kupiga hesabu, na hakutaka kimoja kiwe mtumishi wa kingine. Mwaka 1966, muda mfupi kabla hajafa, alipata habari kwamba mnururisho uliosalia kutoka ulimwengu mchanga umegunduliwa, ushahidi wa fizikia aliousubiri.

Siyo njia pekee. Abdus Salam, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1979, alisimama katika karamu ya tuzo hiyo akanukuu aya za Kurani zinazomwambia mtu autazame uumbaji, arudie tena kutazama, na jicho litamrudia limechoka bila kuona kasoro. Alisema kwamba hiyo ndiyo imani ya wanafizikia wote: kadiri wanavyochimba ndivyo wanavyozidi kustaajabu. Huyu aliviona viwili vikishikana mikono, yule aliviweka kila kimoja chumbani mwake. Mimi huelekea kwa Lemaître, kwa kuwa nimeona imani ya mtu ikitikisika vibaya alipoijenga juu ya ugunduzi uliobadilika. Wewe chagua mwenyewe. Ila usiseme huwezi kuomba kwa kuwa ulifundisha fizikia. Waliokuwa na fizikia nyingi kuliko sisi wawili waliomba.

Tuje kwenye furaha.

Tuna neno raha na neno furaha, na nadhani wastaafu wengi huumizwa na kuyachanganya. Raha ya kutoamka kwa kengele huisha haraka. Mwili na akili hulizoea lolote linalorudiwa. Ndiyo maana fungate yako ilikatika. Furaha inayodumu imefuatiliwa kwa muda mrefu kuliko umri wako wa kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ulianza mwaka 1938 na vijana 268 wa chuo hicho, ukaja kuunganishwa na ule wa wavulana 456 wa mitaa maskini ya Boston, na watu hao walifuatiliwa mpaka uzeeni. Robert Waldinger, anayeuongoza, husema kwamba walioridhika zaidi na uhusiano wao na watu wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi wakiwa na miaka 80. Jambo hilo lilitabiri afya ya uzeeni vizuri kuliko kiwango cha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2010, ulioongozwa na Julianne Holt-Lunstad, ulikusanya tafiti 148 za watu zaidi ya 300,000. Waliokuwa na uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi katika kipindi kilichochunguzwa, kwa asilimia 50.

Hapa ndipo swali lako la kiroho na swali lako la furaha yanapokutana, na ndipo ninapokuhofia kidogo. Kila ulichokieleza, unakifanya peke yako. Nyota peke yako, kimya peke yako, na siri unayomficha binti yako. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha sababu, unalijua hilo vizuri. Lakini kilichopimwa ni kuhudhuria: kutoka nyumbani, kukaa bega kwa bega na wengine, kuulizwa ulikuwa wapi usipoonekana. Kama dini uliyolelewa bado ina mahali moyoni mwako, nenda ukakae kiti cha nyuma, usiahidi kitu. Kama haina tena, tafuta watu wanaokutana kwa jambo jingine lenye uzito: wanaotembelea wagonjwa, wanaoimba, wanaosoma pamoja. Kimya chako kitapata nguvu kikiwa na watu pembeni yake.

Na usiache kutazama nyota. Virginia Sturm na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwaomba wazee watembee dakika 15 kila wiki kwa wiki nane. Nusu yao walielekezwa watembee kwa macho ya mtu anayetafuta cha kustaajabia: jani, wingu, ukubwa wa mti. Kundi hilo liliripoti furaha na shukrani zaidi, na dhiki yao ya moyo ya kila siku ikapungua. Kilichonigusa zaidi ni picha. Kila mmoja alijipiga picha katika matembezi yake, na kadiri wiki zilivyopita, wale waliotafuta ya kustaajabia walijipa nafasi ndogo zaidi ndani ya picha. Mandhari yakakua, nafsi ikapungua, na tabasamu likapanuka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Ukiyasoma kama mwalimu wa sayansi utaona utafiti mzuri. Mcha Mungu yeyote atatambua humo kitu alichokijua siku zote, kwamba mtu hupumua anapojiona mdogo.

Unachokifanya chini ya nyota, Mwalimu, ulikifanya miaka 34 mbele ya ubao. Ulikuwa unawafundisha watoto watazame kwa makini, wasiharakishe jibu, wakubali kukosea. Ibada ya kweli hudai tabia hizohizo. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna wa kumsahihishia mtihani.

Kwa siku zako, nakushauri mambo machache tu. Siku mbili za wiki ziwe na miadi isiyoahirishika na watu, mojawapo ikiwa ya kumfundisha mtu bila malipo, hasa mtu mzima aliyekosa shule, maana ualimu haukuisha ulipokabidhi funguo. Alfajiri unayoamka bila pa kwenda, ipe kazi: dakika 20 za kimya au sala, saa ileile, mahali palepale, kabla hujagusa simu. Andika mstari mmoja baadaye, ulichokiona au ulichokihisi, bila kukipamba. Umezoea daftari la maabara, na hili ni lilelile. Baada ya miezi mitatu lisome lote kwa mkupuo mmoja. Utaona matunda yale James aliyoyataja, au utaona hayapo, na utakuwa umejua kwa ushahidi wako mwenyewe.

Jambo moja la kitabibu sitalipita. Machozi ya kustaajabu si ugonjwa. Lakini kuamka alfajiri ukiwa na moyo mzito, chakula kikakosa ladha, ukapoteza hamu na mambo uliyoyapenda, au ukaanza kuona afadhali usiwepo, hali hiyo ikizidi wiki mbili huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Hayo mawazo ya afadhali usiwepo yenyewe usiyasubirie wiki hata moja. Mweleze daktari siku hiyohiyo. Usiitibu kwa sala pekee wala kwa falsafa pekee.

Umebaki na binti yako. Usimwandalie hoja, na usianze kwa kujitetea, maana hakuna kosa ulilotenda. Hofu yako ni kwamba ataona baba aliyemfundisha kuuliza sasa ameacha kuuliza. Basi mwache akuone unauliza. Mwombe usiku mmoja mtoke nje pamoja, mahali penye giza la kutosha. Alipokuwa mdogo nadhani ulimtajia nyota kwa majina na umbali wake. Safari hii usimtajie chochote. Kaeni tu, na machozi yakija usiyafute haraka. Atauliza yeye.